Siku Mchwa Walipomwita Mhanga

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo ameitika huku anatafuna? Meza kwanza. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Watoto sogeeni mbele. Na nyinyi wakubwa mnaojifanya mna shughuli, tegeni sikio, maana ngano hii si ya watoto peke yao.

Hapo zamani za kale palikuwa na kilima cha mawe. Kilima hicho kiliitwa Mawe Saba. Mawe yenyewe hayakuwa saba, yalikuwa mengi, lakini aliyeyahesabu mara ya kwanza alichoka njiani. Juu ya kilima waliishi pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene, hana mkia. Asubuhi lazima aote jua kwanza, la sivyo hasemi na mtu.

Miongoni mwa pimbi hao alikuwamo mama mmoja, jina lake Bi Sikudhani. Mumewe alichukuliwa na tai. Akabaki na watoto watatu, Tunu, Kombo na mdogo wao Chausiku. Hakuwa na kingine duniani. Akila, anakula kwa ajili yao. Akilala, sikio moja liko kwao.

Sasa pimbi hajui kuchimba. Miguu yake laini, hukaa kwenye nyufa alizozikuta. Akipatwa na kazi ya udongo, huita wengine. Na pale Mawe Saba palikuwa na njia ya kuita. Palikuwa na jabali moja, ukiligonga linalia. Waliliita Jiwe la Mwito. Ukiligonga mapigo madogo madogo, ti-ti-ti-ti-ti, unawaita mchwa. Ukiligonga mapigo matatu mazito, ngoo, ngoo, ngoo, unamwita mhanga.

Na mhanga ni nani? Mnyama mwenye masikio marefu, pua ndefu, makucha ya kutisha, na ulimi mrefu kuliko maneno ya jirani yetu. Chakula chake nini?

— Mchwa!

Mchwa. Ndiyo maana huwezi kuwaita wote wawili. Na mila ya kilima ilikuwa kali: mwenye kazi hugonga Jiwe mara moja tu kwa kazi moja. Ukoo uliouita, kazi ni yao, mpaka waimalize au wairudishe kwa kinywa chao wenyewe. Na tangu kilima kiwe kilima, hakuna ukoo uliowahi kurudisha kazi. Ilikuwa aibu kubwa. Na atakayegonga mara mbili? Haitikiwi tena, yeye wala kizazi chake.

Basi, mwaka mmoja kabla ya siku ninayowasimulia, mvua ilishusha tope. Tope likafunika malisho yote ya pimbi, mteremko mzima, huku na huku, jicho halifiki mwisho. Pimbi wenzake Bi Sikudhani wakamwita mhanga aliyeishi chini ya kilima, jina lake Kibogoyo. Kibogoyo akaja na makucha yake. Fuku! Fuku! Fuku! Alichimba kwa kasi, alichimba mpaka ulimi ukaning'inia. Jioni akatazama nyuma. Amepata shimo moja zuri, na mteremko wote bado uko chini ya tope. Akainamisha masikio, kwa aibu ya kushindwa akaenda zake bila kuirudisha kazi kwa kinywa, huku pimbi wakimcheka.

Mwezi ule ule, tope likafunika mteremko wa pili. Safari hii Bi Sikudhani akawaita mchwa. Jamani! Walitoka ardhini kama ardhi yenyewe imeamua kutembea. Mchwa elfu sitini na nne. Kila mmoja akashika chembe yake, wala hakumngoja mwenzake. Wakawa wanaimba:

Wewe hapa, mimi pale,
chembe yako, chembe yangu,
tu wengi, tu wengi!

Imbeni.

— Tu wengi, tu wengi!

Kabla ya adhuhuri, jua likiwa bado limefichwa na mawingu, majani yalikuwa yanaonekana. Mteremko mzima! Bi Sikudhani alisimama juu ya jiwe lake, mdomo wazi, machozi yanamtoka kwa mshangao. Hakuwahi kuona jambo kubwa likifanywa na vitu vidogo namna ile. Tangu siku hiyo, moyoni mwake kazi ilikuwa na jina moja, mchwa.

Haya. Mwaka ukapita. Ikaja asubuhi yenye mawingu. Bi Sikudhani alitoka kutafuta mahali penye mwanga kidogo, akawaacha watoto wamelala pangoni. Pango hilo lilikuwa nyuma ya majabali mawili, na kati ya majabali hayo palikuwa na ujia mrefu, mwembamba, wa kupita mnyama mmoja tu. Hata hajakaa vizuri, akasikia: kuru, kuru, kuru, PUU! Udongo wa juu umeporomoka. Umejaa ujiani, umeshindiliwa, kuanzia mlangoni mpaka ndani.

Bi Sikudhani akakimbia. Akaweka sikio kwenye udongo. Akasikia kwa mbali, nyii, nyii, nyii. Sauti tatu. Wako hai.

Akatazama juu. Wingu jeusi limekaa juu ya kilima, zito, halina haraka. Mvua ikinyesha, maji yatapita juu ya majabali na kupenya pangoni kwa nyuma, kwenye ufa mdogo uliojaa mchanga. Watoto watakufa maji humo humo ndani.

Alikuwa amesimama mbele ya Jiwe la Mwito, kokoto mkononi, aliposhuka mtini Mapepe. Mapepe alikuwa ngedere, jirani yake. Hana kazi, lakini kila kazi ya mwenzake anaijua.

"Dada Sikudhani, unangoja nini? Ita mchwa!"

"Nafikiri, Mapepe. Nina pigo moja tu."

"Unafikiri nini? Hesabu vichwa, dada! Kibogoyo ana vichwa vingapi? Kimoja. Mchwa vingapi? Elfu sitini na nne! Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Lakini Kibogoyo ana kasi."

"Kasi ya nini? Mwaka jana si ulimwona? Kachimba shimo, kaenda kulala. Elfu sitini na nne, dada. Elfu! Sitini! Na nne!"

Nakuona Bwana Mshangama unatikisa kichwa, na wewe Mwalimu Tatu unacheka. Nyinyi jana mlibishana hapa mpaka chai ikapoa. Mmoja anataka shule inunue ile mashine ya seva, prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ina vichwa sitini na vinne vya kufanya kazi kwa wakati mmoja. Mwingine anataka kompyuta ya mezani, vichwa vyake vichache lakini vina mbio. Mkanitaka niamue. Mimi siamui, mimi nasimulia. Twende.

Bi Sikudhani akaukumbuka mteremko ule. Akaukumbuka ule wimbo. Akagonga. Ti-ti-ti-ti-ti!

Na mchwa wakaja. Hawapendi jua, lakini siku ile jua halikuwapo. Wakaja kwa mistari, wakafunika mawe, wakafunika mizizi, chakacha, chakacha, chakacha, na mbele yao askari mwenye kichwa kikubwa cha rangi ya kahawia. Huyo ndiye Jemadari Tindi.

"Tumeitika, mama. Kazi iko wapi?"

"Ile pale, Jemadari. Wanangu wako ndani."

"Usilie. Sisi ni wengi."

Wakaingia ujiani wakiimba. Mchwa mia mbili wakajaa kwenye uso wa ule udongo. Wakauma, wakabeba, wakarudi. Bi Sikudhani akangoja. Akangoja tena. Akatazama nyuma, akaona kilima kizima ni mchwa, wamesimama kimya.

"Jemadari, hawa wengine wanafanya nini?"

"Wanangoja zamu, mama."

"Wangapi wanangoja?"

Tindi akapiga hesabu. "Elfu sitini na tatu na mia nane."

"Hawawezi kusaidia?"

"Wapi, mama? Ujia una uso mmoja. Wa mia mbili na moja hana pa kuuma."

Bi Sikudhani akaweka sikio kwenye udongo. Nyii, nyii. Sauti mbili. Akajiambia amesikia vibaya. Akaweka sikio jingine. Mbili.

"Fanyeni haraka!"

"Mama, mia mbili wale wanafanya haraka yao yote. Na haraka ya mchwa unaijua."

Mapepe akaruka juu ya jiwe. "Ongezeni wengine! Leteni ukoo wa bondeni! Wafike elfu mia!"

Tindi akamtazama ngedere yule, hakukasirika. "Tukifika elfu mia, watakaongoja wataongezeka. Mwaka jana kila chembe ilikuwa na njia yake. Huu udongo una foleni. Chembe ya ndani haiguswi mpaka ya nje itoke."

Mapepe akafunga mdomo. Andikeni tarehe.

Wingu likashuka. Upepo wa baridi ukapita. Bi Sikudhani akaweka sikio kwa mara ya tatu. Nyii. Sauti moja.

Hapo moyo ukamkatika. Akasimama, akaiokota kokoto yake, akalifuata Jiwe la Mwito. Mapepe akamwona, akapiga yowe: "Dada! Mara ya pili? Hutaitikiwa tena! Wala watoto wako!"

"Watoto wapi, Mapepe? Watoto wapi unaowasema? Nikingoja sitakuwa na wa kuitikiwa!"

Akainua mkono. Na mkono ukiwa juu, akasikia sauti ndogo mbele yake. "Shusha, mama." Ni Jemadari Tindi, amepanda juu ya Jiwe, amesimama pale pale ambapo kokoto ingeangukia.

"Ondoka, Jemadari, nisikuumize."

"Shusha mkono. Nina neno, na nataka kilima kizima kilisikie." Akageuka akawatazama watu wake. "Sisi mchwa wa Mawe Saba tuliitwa, tukaitika. Kazi hii si yetu. Si kwamba ni kubwa. Ni nyembamba. Nairudisha."

Mnajua neno lile lilikuwa zito kiasi gani? Babu zake hawakuwahi kusema neno lile. Mchwa waliokuwa karibu naye waliinamisha vichwa. Hata upepo, wanasema, ulisimama kidogo. Bi Sikudhani alishusha mkono, akapiga magoti mbele ya askari yule asiyefika hata ukucha wake.

"Ahsante, Jemadari. Lakini pigo langu nimeshalitumia. Nani atamwita Kibogoyo?"

"Sisi. Mila inamfunga mwenye kazi, haitufungi sisi."

"Nyinyi? Mnamwita anayewala?"

"Kwani yuko mwingine mwenye kasi ile?"

Tindi akatoa amri. Mchwa wakapanda juu ya Jiwe la Mwito, wakalifunika lote, jabali likawa la kahawia, likawa linapumua. Mjue, mchwa askari hana ngoma. Akitaka kupeleka habari hugonga kichwa chake chini. Kichwa kimoja kinatoa sauti gani? Tik. Hata mwenyewe haisikii vizuri. Tindi akainua kichwa. Vichwa elfu sitini na nne vikainuka.

NGOO!

Kokoto zikaruka. Ndege wakatoka mitini.

NGOO!

Bi Sikudhani aliisikia sauti ile ikimwingia miguuni, ikampanda tumboni, ikamfika kooni. Hakujua kama analia au anacheka. Viumbe wadogo namna ile, na wote kwa pamoja, wanamwita adui yao aje.

NGOO!

Chini ya kilima, shimoni, Kibogoyo alikuwa amelala. Mhanga hufanya kazi usiku, mchana ni wake wa kukoroma. Akafumbua jicho. Akaja mbio, pua mbele, macho yamejaa usingizi. Akafika. Akasimama. Mbele yake jabali zima la chakula, na yeye tangu jana hajala.

Ulimi ukatoka wenyewe. Ukaramba hewa. Mchwa hawakukimbia. Hakuna hata mmoja aliyekimbia.

"Nani ameniita?" akauliza Kibogoyo.

"Sisi," akajibu Tindi. "Kwa ajili ya watoto wa huyu mama. Wako nyuma ya udongo ule. Baadaye utafanya utakalo."

Kibogoyo akamtazama Tindi, akamtazama Bi Sikudhani. Akaurudisha ulimi ndani, pole pole, kama mtu anayekunja kamba ndefu. "Mwaka jana mlinicheka," akasema. "Nionyesheni mlango."

Akaingia. Jamani, jamani, jamani! Fuku-fuku-fuku-fuku! Hukuona makucha, uliona vumbi. Alichochimba kwa pumzi moja, mchwa wangekichimba kwa nusu siku. Uso mmoja, mnyama mmoja, na mnyama mwenyewe ni yule. Mapepe alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Bi Sikudhani alitaka kuomba dua, maneno yakamkimbia, akawa anasema tu, "Ewe Mola, ewe Mola." Kasi ile ilimtia hofu na furaha pamoja.

Mara tone la kwanza. Tap. La pili. Tap, tap. Mvua!

Kutoka ndani ikaja sauti ya Kibogoyo. "Dari linanimwagikia! Udongo unarudi mgongoni! Nikiendelea nitazikwa!"

Bi Sikudhani akapiga kelele. Lakini Tindi akaruka. "Sasa kuna kuta!" akasema. "Mnasikia? Mbele uso ni mmoja, lakini nyuma yake kuna kuta na dari, mwanzo hadi mwisho! Kila mtu ana pa kushika! Ingieni!"

Wakaingia. Elfu sitini na nne, wote kwa mara moja, wakaingia katika shimo alimo mnyama anayewala. Kila mmoja akashika chembe yake, akailowesha kwa mate, akaibandika.

Wewe hapa, mimi pale,
chembe yako, chembe yangu...

— Tu wengi, tu wengi!

Walimpitia mgongoni. Walimpitia masikioni. Walimpitia puani, na yeye mwenye njaa ya tangu jana. Alifumba macho, akauma meno machache aliyonayo, akachimba. Nyuma yake ukuta ukakauka na kushika, hatua kwa hatua, kama alivyokwenda yeye. Mvua ikamwagika juu ya kilima, njia ikashikilia.

Kisha makucha yakagonga hewa.

Akatoka kinyumenyume. Bi Sikudhani akaona mkia, akaona mgongo, akaona masikio yamejaa mchwa. Mbele ya pua yake akatoka Tunu. Akatoka Kombo. Bi Sikudhani akawakumbatia, akatazama ujia. Hakuna kitu. Maji yakaanza kutiririka kutoka ndani. Hakuna kitu. Akataka kuingia mwenyewe, na hapo ndipo kikatokea kitu kidogo, kimelowa, kinapiga chafya. Chausiku.

"Nilisikia sauti tatu," akasema mama yao, anawapapasa vichwa, "kisha mbili, kisha moja. Nilidhani..."

"Tuliona hewa inakwisha, mama," akasema Tunu. "Tukaona tuite kwa zamu. Mmoja anaita, wawili wanapumua kidogo kidogo."

Bi Sikudhani akawafunika kwa mwili wake. Aliwakumbatia tu, mvua inawapiga.

Na Kibogoyo? Kibogoyo alikuwa bado amesimama. Mchwa mia kadhaa wako juu ya pua yake, maji yanawatisha, hawajui pa kushukia. Basi akainama. Akatoa ulimi wake, ule ule mrefu, akaulaza chini mpaka ukagusa jiwe kavu. Mchwa wakautazama. Wakamtazama Tindi. Tindi akatangulia, akapita juu ya ulimi wa mhanga, akashuka. Wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Hakuna aliyepumua kilimani pale. Hata mimi ninayesimulia, nikifika hapa, mwili unanisisimka.

Kibogoyo akaurudisha ulimi. "Lakini kesho," akasema, "mimi ni mhanga, nyinyi ni mchwa."

"Kesho ni kesho," akajibu Tindi.

Mapepe alikuwa amenyamaza kwa muda mrefu, na kwake huo ni ugonjwa. Akaponywa. "Sasa dada, tuambie. Baada ya yote hayo, nani bora? Wengi au mwenye kasi?"

Bi Sikudhani akamgeukia, watoto watatu wamemshika kifuani. "Mapepe, swali hilo hilo nusura liniulie wanangu. Mwaka jana kazi ilikuwa pana, leo ilikuwa nyembamba, na mimi sikuitazama. Niliwatazama wafanyakazi. Usiniulize nani. Niulize kazi gani."

Basi mafunzo yake ni haya, nayasema wazi kwa mkubwa na mdogo. Kazi inayogawanyika, kila mtu akashika kipande chake bila kumngoja mwenzake, wape wengi, hata wakiwa wa pole pole. Kazi yenye foleni, hatua ya pili isianze kabla ya ya kwanza kwisha, mpe mwenye kasi, hata akiwa peke yake. Na ukienda dukani kununua mashine, muuzaji akikuhesabia vichwa, mwache ahesabu. Wewe kaitazame kwanza kazi yako, upana wake na wembamba wake. Tena usichague ya leo kwa kuikumbuka ya mwaka jana.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia kwa wingi awagawie wenzake, na aliyeisikia kwa kasi anirudie nimsimulie tena.